Kiinua mgongo si mtaji

Mpishi akipunguzwa kazi kwenye hoteli moja ya Posta, keshokutwa anaweza kuwa jikoni kwa jirani. Dereva wa basi hivyohivyo: kampuni ikifilisika, abiria hawaachi kusafiri. Sisi wa magazeti tulipopewa barua zetu za kupunguzwa, kila mlango tuliofikiria kuubisha ulikuwa unatoa watu, nao wameshika barua kama zetu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuwa nimepoteza ajira peke yake. Nilikuwa nimepoteza na mahali pa kuombea nyingine.

Nilikuwa mhariri msanifu wa gazeti la Kiswahili hapa Dar es Salaam. Lipi, sisemi, waliobaki pale wana familia. Kazi yangu ilikuwa kupokea habari ya mwandishi ikiwa mbichi, kuikata, kuinyoosha, kuitungia kichwa kinachoenea kwenye safu, na kuhakikisha jina la mkuu wa wilaya halijakosewa kabla ukurasa haujaenda mtamboni. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba umeifanya. Jina lako haliandikwi popote. Kosa likitoka, hapo ndipo jengo zima linakufahamu.

Watu huniuliza kama hatukuona mambo yakija. Tuliona, tena kwa macho mawili, maana sisi ndio tuliokuwa tunapanga kurasa. Gazeti haliishi kwa ile noti ya msomaji, linaishi kwa matangazo. Na matangazo yaliyokuwa yanatushibisha hayakuwa yale ya rangi ya kampuni za simu. Yalikuwa yale ya maandishi madogo yasiyosomwa na mtu kwa raha: zabuni za halmashauri, notisi za mirathi, majina ya walioitwa kwenye usaili, kurasa kwa kurasa. Usaili ukahamia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Zabuni za serikali zikahamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa TANePS, kisha mwaka 2023 ukaja NeST. Sina ugomvi na hilo, mzabuni wa Katavi sasa haulizi tena kama gazeti limemfikia. Lakini kila mfumo mpya ulipozinduliwa kwa mbwembwe, na sisi tukaiandika habari ile ukurasa wa tatu, tulikuwa tunaandika tanzia yetu wenyewe.

Msomaji naye alishaondoka kitambo, taratibu, bila kuaga. Vituo vya redio na televisheni vinasoma magazeti alfajiri, kichwa kwa kichwa, na mtangazaji mwenye sauti nzuri anakumalizia habari yote kabla hujapiga mswaki. Udaku ulihamia Instagram. Picha za kurasa zetu zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hata pikipiki za usambazaji hazijafika Ubungo. Wale watu wanaosimama mbele ya meza ya muuza magazeti kituoni, mikono nyuma, wanasoma vichwa bila kununua, zamani tuliwacheka. Miaka ya mwishoni tulianza kuwapenda. Angalau walikuwa wanasimama.

Siasa nayo ilichangia, tusifichane. Mwaka 2017 pekee Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima yalionja adhabu ya kufungiwa kwa nyakati tofauti, na kuna leseni zilizorudishwa Februari 2022. Mteja aliyezoea gazeti fulani, likikaa nje ya meza miaka yote hiyo, linarudi na kumkuta ameshazoea simu. Na hata magazeti ambayo hayakuguswa yalijifunza kuogopa. Gazeti lenye woga halinunuliwi mara mbili.

Ndani ya jengo dalili zilifuatana kwa mpangilio ambao sasa ningeutambua popote. Wa kwanza kuumia walikuwa waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa habari. Malipo yao yalichelewa, kisha yakaacha kuzungumzwa. Ikafuata chai ya saa nne. Kikafuata kitengo cha prufu, wazee wawili waliokuwa wanajua tofauti ya kila koma, kazi yao ikaongezwa juu ya yetu bila senti. Kurasa zikapungua. Halafu akaletwa mshauri mwelekezi mwenye kompyuta nyembamba, akatuuliza kila mmoja anafanya nini tangu anapofika hadi anapotoka. Ukimwona huyo, anza kutafuta nakala za mikataba yako.

Siku ya barua yenyewe haina mengi. Tuliitwa, tukaelezwa, tukapewa bahasha. Ninachotaka kukaa nacho ni karatasi iliyokuwa ndani, kwa sababu nimegundua watu wengi tuliosoma hatujui kuisoma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na wafanyakazi au chama chao kuhusu vigezo vya nani anaondoka. Kwetu majadiliano yalikuwa kikao kimoja, na orodha ilikuwa imeshachapwa. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, na hesabu inakoma kwenye mwaka wa 10. Soma tena. Aliyefanya kazi miaka 10 na aliyefanya miaka 25 wote wanapata siku 70, isipokuwa mkataba au mazungumzo yawape zaidi. Na ni mshahara wa msingi. Zile posho za usiku na za nyumba zilizokuwa zinaufanya mshahara uonekane mshahara haziingii. Fundi mmoja wa mitambo, mtu niliyemkuta pale nilipoanza kazi na ambaye mikono yake ilikuwa haitoki wino hata Sikukuu ya Idi, aliirudia hesabu ile kwenye simu yake mara kadhaa akidhani kalkuleta ndiyo inayokosea.

Juu ya kiinua mgongo kuna malipo ya notisi, likizo uliyolimbikiza, nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama uliletwa kutoka mbali, na cheti cha utumishi. Cheti hicho watu hukidharau kwa sababu hakina pesa, kisha wanakitafuta kwa udi na uvumba. Ukiona umeachishwa kinyume cha sheria, una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 zinakwisha upesi ukiwa bado unapokea simu za pole. Kuna fomu ya kusaini kwamba huna madai zaidi, meneja rasilimali watu atakuambia, "Dada, saini tu tufunge, wenzako wote wameshasaini." Mwambie unaenda nayo nyumbani. Hakuna sheria inayosema kalamu lazima iwe ya ofisini.

Kisha kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Lile fao la kujitoa, la mtu kuchukua michango yake akiacha kazi, lililozua kelele nyingi tangu 2012 halipo kama zamani. Kuna fao la kukosa ajira: kwa mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Theluthi ya mshahara si haba ukiwa huna kitu. Ila nilipofika dirishani na kuchapiwa taarifa ya michango, nilikuta mashimo. Miezi ambayo makato yalionekana kwenye hati yangu ya mshahara, kule kwenye mfuko hayakufika. Dada wa dirishani alinionyesha kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, wala hakushangaa. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wa kiwanda, na niliwasikia wakiongea mambo yaleyale kwa lafudhi nyingine.

Kuna jambo moja halimo kwenye karatasi yoyote: kadi ya bima ya afya ya mwajiri inakufa pamoja na ajira. Hilo nililijua hospitalini, na mtoto mgongoni.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, maana hapa ndipo nina neno.

Ukipata mafao, habari zinatembea. Sijui zinapita wapi. Ndani ya wiki nilikuwa na washauri wengi kuliko waziri. Shemeji alikuwa na bodaboda mbili zinauzwa. Jirani alikuwa na shamba la tikiti maji Kibaha, linahitaji mtu wa kuongeza nguvu tu. Rafiki wa chuo, ambaye hatujaongea tangu mahafali, alikuwa na fursa. Kila mtu alikuwa na uhakika kwamba pesa ile ni mtaji, na kwamba mtu mwenye mtaji aliyekaa nao benki ni mtu aliyelala. Kanisani kwetu kulikuwa na semina nzima ya ujasiriamali, na mtoa mada alisema ajira ni utumwa. Yeye alikuwa mwajiriwa wa benki.

Wenzangu walisikiliza. Mmoja, mwandishi wa habari za mahakama, kichwa kizuri sana, aliingia kwenye kuku wa nyama. Nilikwenda kuwaona bandani kwake, Chanika. Kila kitu kilikuwa sawasawa kama kitabu: maranda yamekaushwa, taa za joto, ratiba ya chanjo ya gumboro na kideri imebandikwa ukutani kwa mwandiko wake ule wa kunukuu mashauri. Tatizo halikuwa uvivu. Kuku wa nyama akifika wiki ya tano au ya sita hana tena la kukuongezea ila gharama. Kila siku anayobaki bandani anakula faida yako kwa mdomo. Na wiki ile watu wa mtaa mzima walikuwa na kuku wa umri uleule, kwa sababu wote walinunua vifaranga baada ya kusikia bei ya sikukuu. Wenye hoteli walikuja wakachagua bei wenyewe, tena kwa mkopo. Alijua kila kifungu cha sheria ya mikataba, lakini mwenye hoteli alikuwa anajua kwamba pumba itakwisha Alhamisi.

Simcheki. Ila nilitoka pale na wazo ambalo sijaliacha mpaka leo. Ufugaji ni fani. Una watu waliouanza wakiwa wadogo, wanaojua kwa kusikia sauti ya banda usiku kwamba kuna ugonjwa. Kumwambia mtu wa miaka arobaini na ushee, aliyeachishwa fani yake wiki iliyopita, aingie kwenye fani ya wengine na pesa yake yote, siku ambayo kichwa chake hakijatulia, si ushauri. Ni kumsukuma.

Kiinua mgongo ni muda. Hicho ndicho kilichonunuliwa kwa miaka yako: miezi kadhaa ya kutolazimika kukubali chochote kinachokuja kwanza. Mimi na mume wangu tulikaa mezani na daftari la shule, tukaandika vitu visivyosubiri. Kodi, kwa sababu mwenye nyumba wetu anataka miezi sita kwa mkupuo. Ada. Bima ya watoto. Umeme na maji. Nauli yake, maana yeye ni fundi umeme na bila nauli hakuna kazi. Hisa zangu za VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ili nisitoke humo siku ambayo ndiyo nakihitaji. Tukagawanya kilichopo kwa jumla ile, na jibu likawa miezi, si utajiri. Kuanzia hapo kila mshauri alipokuja nilijua anachoniomba: anaomba miezi yangu miwili, au mitatu, au yote.

Mume wangu alisema, "Usianzishe kitu chochote mpaka usingizi urudi." Usingizi ulikuwa umeondoka kweli. Mwili uliozoea kufunga ukurasa wa kwanza saa nne usiku haujui kwamba ukurasa haupo. Nilikuwa nakaa sebuleni nasikiliza taarifa ya habari na kutunga vichwa kimoyomoyo, vya maneno manne, matano. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututazama kutoka Lushoto, alinikuta hivyo usiku mmoja. Hakuniuliza kitu. Asubuhi akasema, "Mwanangu, leo twende wote sokoni, unibebee kapu." Tukaenda kila asubuhi mpaka alipoondoka. Sijui kama alikuwa anajua anachofanya au alichoka tu kubeba kapu.

Aibu ilikuwepo pia, sitaipamba. Michango ya harusi haijali barua yako. Kadi inakuja na kiwango chini. Nilijitoa kwenye makundi matatu ya WhatsApp, mawili kwa kuaga, moja kimyakimya. Nilichoka na swali la "uko wapi siku hizi?" kwa sababu nilipokuwa gazetini nililijibu kwa neno moja na mtu akanyamaza kwa heshima.

Baada ya muda nikaanza kuangalia walioangukia salama, na hapo nilishangaa. Yule fundi wa mitambo aliyekuwa anagombana na kalkuleta alikuwa wa kwanza kupata kazi. Karatasi ya habari inapungua, lakini vifungashio vinaongezeka: mifuko ya unga, maboksi ya sabuni, lebo za maji ya chupa. Rangi nne ni rangi nne, na anayeweza kusikia rola imelegea anahitajika kokote kunakochapwa. Msanifu kurasa wetu anatengeneza kadi za harusi na mabango Kariakoo, na analalamika kwamba wateja wanataka picha kubwa mno, lakini analalamika akiwa ameshiba. Vijana waliingia YouTube na maikrofoni zenye nembo za rangi. Wengine wanalipwa vizuri, wengine wanakimbiza misiba ya wasanii. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza, leseni peke yake ilikuwa shilingi milioni moja, kwa hiyo wale wanaosema "si ufungue tu blogu" kama aliyoanzisha mpiga picha Issa Michuzi mwaka 2005 walikuwa wanazungumzia nchi nyingine. Sisi wenye shahada na Kiswahili sanifu ndio tuliochelewa zaidi. Ujuzi wetu ulikuwa umefungwa ndani ya neno "gazeti", na tulikuwa hatujui kuueleza bila neno hilo.

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea haikuwa na heshima yoyote. Kipeperushi cha dawa ya watoto, kurasa mbili, mteja alitaka "upitie tu, kimeshatafsiriwa." Kilikuwa kimetafsiriwa na programu ya kompyuta, maneno yote mazuri, yanateleza. Kwenye mstari wa kipimo kiliandikwa mtoto apewe kijiko kimoja cha chakula. Nikarudi kwenye nakala ya asili. Kijiko cha chai. Kijiko cha chakula ni mara tatu yake. Nilimpigia mteja simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninaweza kupitia na vipeperushi vilivyobaki. Bei ilikuwa ileile ya "kupitia tu." Nilikubali, na safari iliyofuata nikapandisha. Siku hizi siandiki kwenye ankara kwamba nimehariri. Naandika kwamba nimehakiki vipimo, majina, tarehe na namba za simu, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo mteja anaviogopa.

Ajabu yake ni kwamba lugha yenyewe iko juu kuliko wakati wowote. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliipokea mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022, na UNESCO imeipa Julai 7 kuwa siku yake. Kila shirika linataka ripoti, maelekezo na manukuu ya video kwa Kiswahili. Ila soko hilo halina ofisi, halina meza ya habari, halina mzee wa prufu wa kukuambia umechoka nenda nyumbani. Linalipa kwa kazi, linachelewa, na linadhani mashine imeshafanya sehemu ngumu. Natengeneza kiasi kisichofika mshahara wangu wa zamani miezi mingi, na miezi michache kinaupita. Sitamwambia mtu kwamba nilibarikiwa kwa kupunguzwa. Nilikuwa naipenda ile kazi, na iliondoka ikiwa bado ina manufaa. Hakuna anayekagua sasa kama diwani aliyenukuliwa alisema kweli alichonukuliwa.

Kwa walio bado ndani, na najua mnasoma hii kwenye kompyuta ya ofisi: chapisheni taarifa zenu za NSSF wiki hii, si siku ya barua. Hifadhini nakala za kazi zenu nyumbani, kwa sababu gazeti likifa tovuti yake nayo hufa, na miaka yako yote inabaki kuwa maneno ya mdomo. Mjue mshahara wenu wa msingi ni kiasi gani. Na mkija kuitwa, mpigieni simu aliyetangulia kutoka kabla hamjampigia mwenye shamba la tikiti.

Mimi sasa hivi nina ripoti ya mradi wa maji mezani na kitabu cha mwalimu mstaafu wa Moshi ambaye kila sura anataka kuirudisha nyuma. Shirika moja linanidai subira tangu robo ya mwaka iliyopita. Mhasibu wao anasema hundi iko kwa mkurugenzi. Kazi yao mpya waliyonitumia jana nimewajibu nitaianza nusu ya malipo ikishaingia.